Valua hakufungua mfereji hata mmoja, je nimepunjwa?

Swali la msomaji: "Assalam aleikum. Nataka kununua nyumba hapa Malindi, upande wa Casuarina, kwa mkopo wa benki. Benki ikamtuma valua, mtu wa kukadiria bei ya nyumba, akakaa kama dakika 25, akapiga picha, akawasha taa ya sebuleni akaizima, mfereji hakufungua hata mmoja. Kwenye ripoti kaandika maji na stima zipo na ziko sawa, halafu pale penye heating, mtambo wa kupasha nyumba joto, kapiga mstari tu. Shemeji yangu yuko Minnesota, Marekani, aniambia kule valua asipowasha heating ripoti yake haipokewi, na kwamba huyu wangu kanila pesa. Muuzaji naye ashikilia kuwa hita ya sola iliyo juu ya paa lazima niilipie kwenye bei. Nimepunjwa? Na nikirudi mwenyewe kwa hiyo nyumba niangalie nini?"

Wa aleikum salaam dadangu. Ntaanza na huyo shemeji manake hakudanganya, ila kakwambia ya kwao. Minnesota baridi yashuka chini ya sifuri kwa miezi, nyumba ikikosa joto maji yaganda ndani ya bomba, bomba lapasuka, na barafu ikija kuyeyuka nyumba yageuka bwawa. Kwa hivyo ile mikopo inayodhaminiwa na serikali yao kupitia idara yao ya mikopo ya nyumba, FHA, ina kitabu cha masharti, namba yake 4000.1, na humo valua ameambiwa wazi afungue mifereji, avute maji ya choo, awashe taa, awashe na heating, na hiyo heating iweze kushika angalau digrii 50 za Fahrenheit, yaani 10 za kwetu, pale watu wanapoishi na pale penye vitu vya kuharibiwa na barafu. Akikuta stima au maji yamekatwa haandiki "sawa", anaandika ripoti yenye sharti kwamba nyumba itazamwe tena vikisharudishwa. Maneno ya shemeji yametoka huko.

Sasa wewe uko Malindi, digrii tatu na kitu kusini ya ikweta. Sisi kipupwe kikitupiga mwezi wa saba, kusi yavuma, utaona mtu wa bodaboda kavaa jaketi kafunga mpaka shingoni asema baridi ya mwaka huu si mchezo, ukiangalia thamomita iko 22. Hapa hakuna bomba la kuganda. Kwa hivyo ule mstari wa heating valua wako kaupiga pahali pake na mie ningeupiga vile vile. Kilichonikera ni ile "ziko sawa", manake maji hayajulikani kuwa sawa kwa kutazamwa mfereji uliofungwa.

Kuhusu kuliwa pesa, hebu tuelewane kidogo. Wewe ndio umelipa lakini yule mtu alienda kwa ajili ya benki. Benki yataka kujua kitu kimoja, siku wewe ukishindwa kulipa nyumba hii itauzika kwa ngapi, ndio utaona kwenye ripoti kuna bei ya soko na kuna bei ya kuuza kwa haraka ambayo iko chini. Valua hapa Kenya husajiliwa chini ya sheria ya Mavalua, Cap 532, ana elimu ya ardhi na bei na hati, si fundi wa stima wala plamba. Fungua kurasa za nyuma za hiyo ripoti, zile zenye maandishi madogo ambazo hazisomwi na mtu, karibu kila ripoti ina mstari unaosema huduma hazikupimwa kiufundi. Sasa ukurasa wa mbele kaandika ziko sawa na wa nyuma kajitoa, na wewe ulisoma wa mbele. Tapeli simwiti. Kafanya kazi kivivu, na pengo aliloliacha litakuangukia wewe, si benki.

Nasema hivyo na mie nlishawahi kuanguka hapo hapo. Nilipokuwa mgeni kwa kazi hii ya uvalua nlitumwa nyumba moja upande wa Mayungu, bustani ya kijani, tangi juu ya mnara, nkafungua mfereji wa jikoni maji yakaja kwa nguvu mpaka yakanirukia shati, nkaandika "maji ya kampuni yameunganishwa na yanapatikana". Baada ya miezi miwili mnunuzi kanipigia simu, hakunisalimia, kanambia tu "yale maji yako yako wapi?" Kumbe asubuhi ile kabla sijafika bauza, lile lori la maji, lilikuja likajaza tangi. Laini ya barabarani ilikuwa imekatwa zamani sana, mita ipo pale pale chini ya mfuniko, imejaa mchanga na mchwa, namba ziko zile zile za bili ya miaka nyuma. Mie nlifungua mfereji na kuukagua sikuukagua, manake mfereji wa ndani wakwambia tangi lina maji leo, basi, hauna habari nyengine. Tangu siku hiyo nikifika nyumba yoyote kabla ya chai kabla ya karibu nachuchumaa kwenye mita ya maji, nafunua, nafuta kioo kwa kidole gumba, halafu naomba mtu afungue mfereji ulio kabla ya tangi, ule wa uani mara nyingi, nione kile kigurudumu kidogo chazunguka. Na hata kikizunguka nasubiri maji yatoke kweli, kwa sababu maji yakirudi baada ya mgao upepo hutangulia na ule upepo wazungusha mita vile vile.

Kwa hivyo ukirudi kwa hiyo nyumba anza na maji, hita ya sola iache kwanza. Maji ya mfereji ya Malindi yatoka Baricho, kwenye visima vya kingo za mto Sabaki, na hayo hayo yaenda Kilifi mpaka Mombasa, kwa hivyo pampu za kule zikikosa stima au bomba kubwa likipasuka sote twakauka. Swali si "kuna maji?" Swali ni "yaja siku gani na hukaa saa ngapi?", na usimuulize muuzaji, muulize jirani, tena jirani mpangaji, mwenye nyumba ana sababu ya kusifia mtaa. Nyengine angalia uani. Ukiona mitungi ya njano ya lita 20 imepangwa ukutani kama kumi na tano na nyumba ina mifereji sita ya kung'ara, hiyo mitungi ndio inayosema kweli.

Kama kuna kisima, na upande huo wa Casuarina vila nyingi zina visima, hapo ndio penye kesi. Ukiwa karibu na bahari maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, ukivuta sana chumvi yapanda. Kwa hivyo usionje mara moja ukaridhika. Onja pampu inapowashwa, iache iende nusu saa huku watazama vitu vyengine, rudi uonje tena, kama ladha imebadilika hicho kisima kitakutesa mwezi wa kwanza na wa pili wakati wa kaskazi na wageni wamejaa. Kuna kijidude kidogo kama kalamu cha kupima chumvi kwenye maji, mie ninacho mfukoni siku zote. Maji ya bahari yako karibu 35,000 kwa kile kipimo cha miligramu kwa lita, na shirika la afya duniani lasema ukishapita 1,000 hivi maji yaanza kukataa kinywani. Ukipata 2,000 si kwamba nyumba haina thamani, lakini hayo ni maji ya kuoshea na kumwagilia minazi, ya kunywa na ya chai utanunua, na hiyo gharama yaingia kwenye hesabu yako kila mwezi. Uliza pia kisima kiko ndani ya plot au nje ya bikoni, yale mawe ya mpaka, nlishakuta pampu imekaa kwa jirani ambaye ni ndugu wa muuzaji, siku wakikosana maji yamekwisha. Na kibali cha WRA, mamlaka ya rasilimali za maji, cha kuchimba na kuvuta yale maji kiko kwa jina la nani. Kisima na shimo la choo visikaribiane, wengi twafuata mita 30, na hapa kwetu chini ni jiwe la matumbawe lenye matundu, maji machafu hayachujwi humo kama yanavyochujwa kwenye udongo, yapita tu.

Kitu chengine ambacho watu hucheka nikifanya: naomba kuona birika la stima jikoni. Sitaki chai. Nafunua kifuniko natazama ndani. Maji yaliyopita kwenye matumbawe yana chokaa, na chokaa ikipashwa moto yaganda, ukikuta ule ukoko mweupe mnene kama ganda la yai basi jua ndivyo ilivyo ndani ya shawa ya stima, ndani ya tangi la hita, ndani ya kila kitu nyumbani humo kinachopasha maji. Muuzaji atapaka rangi ukuta, atang'arisha mifereji kwa ndimu, lakini birika sijamuona hata mmoja aliyelikumbuka.

Tuje stima. Ukiingia usikimbilie taa, kila mtu huwasha taa. Nenda kwenye mita, mwambie mwenyeji azime kila kitu na achomoe friji, lakini swichi kubwa abakishe. Ile taa ndogo nyekundu ya mita itulie. Ikiendelea kupigapiga kuna kitu chala stima, yaweza kuwa pampu ya kisima imesahauliwa, yaweza kuwa waya unavuja ukutani, yaweza kuwa nyumba ya mlinzi au jirani amevutiwa waya kutoka kwako, nayo hii ya mwisho si nadra. Halafu awashe kitu kimoja kikubwa, shawa ya stima ndio nzuri. Kwenye mita pameandikwa mapigo mangapi ni yuniti moja, tuseme 1,000. Shawa ya wati 5,500 yatakiwa ipige kama mara 92 kwa dakika. Hesabu na simu yako. Ukipata 60 na kitu ujue ama elementi imechoka ama stima inayofika ni ndogo, kwa sababu stima ikishuka kutoka volti 240 hadi 200 ile shawa ya 5,500 yabaki 3,800, theluthi nzima ya moto karibu imepotea njiani, na utaoga vuguvugu maisha yako yote ukilaumu shawa. Kwa hivyo kipimo hiki kifanye mchana na ukirudi kifanye saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa wapika na taa zimewaka.

Na tokeni, mwambie muuzaji anunue ya shilingi 100 au 200 mbele yako kwa simu yake. Utaona yuniti zimekuja ngapi, na kama mita ina deni la nyuma utaona limekatwa kwanza. Deni lakaa na mita, halimfuati aliyehama.

Shawa ya stima yenyewe nataka tukae nayo kidogo kwa sababu kwetu pwani hiyo ndio heating na hiyo ndio yaua watu. Nlikuwa kwenye nyumba moja, sitaji mtaa, mwenye nyumba anisindikiza bafuni asema "hii mpya, haina mwaka". Kweli mpya, nyeupe ya kung'aa. Lakini pale waya unapoingia kuna tepu nyeusi imezungushwa mara nne tano, imelainika, ukiinusa yanuka kama ndara iliyoguswa na moto. Nkashuka kwenye boksi la swichi kutazama, breka ya ampea 32, sawa, lakini waya unaotoka pale ni ule mwembamba wa milimita 2.5 wa soketi. Shawa ya 5,500 yavuta kama ampea 23 mfululizo, ule waya ndani ya bomba ukutani wachemka, na breka ya 32 haina habari kwa sababu 23 haijafika 32. Waya utaungua na breka imesimama inatazama. Mafundi wazuri huvuta milimita 6 kwa shawa. Nkauliza waya wa athi, ule wa kijani na manjano unaopeleka ardhini stima iliyovuja, uko wapi, tukautafuta, umekatwa na kukunjwa ndani ya boksi la shawa haukufungwa popote. Nyumba ya watoto watatu hiyo.

Halafu weka hapo maji ya chumvi. Zile shawa za kawaida elementi yake iko uchi ndani ya maji, na maji yakiwa na chumvi yapitisha stima vizuri zaidi, kwa hivyo kuna shawa zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi ambazo elementi imefunikwa, na kwenye boksi pameandikwa. Kama nyumba yatumia kisima na juu kuna shawa ya kawaida hiyo hesabu kama haipo, utaing'oa. Kwenye boksi la swichi tafuta ile breka yenye kitufe cha T, ya kukata stima ikivuja, omba ruhusa kwanza, watu wazime kompyuta zao, ibonye. Iruke papo hapo. Isiporuka au kama hakuna kabisa, usioge hapo mpaka fundi aje. Na tafadhali dadangu usifungue boksi lolote kwa bisbisi, wewe ni wa kutazama na kubonya, ya kufungua mwachie fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, mlipe siku moja aende na wewe. Valua hata akiwa mzuri vipi hiyo si kazi yake.

Sasa ndio twaja kwa hita ya sola, ile ya muuzaji. Kwanza nikuulize, nani wa kutumia maji moto hapo? Tangi jeusi la lita 1,000 likishinda juani juu ya paa, saa nane mchana maji yakuchoma bila hita. Maji moto Malindi yatakiwa alfajiri na usiku, na yatakiwa na watu maalum: wazee wa viungo, mzazi akiwa ndani ya arobaini akandwa, na wageni wa vila ambao wasipooga moto waandika malalamiko. Kama wanunua ukae mwenyewe, hita ni raha. Kama wanunua ukodishe wageni, hita ni biashara, valua aweza kuihesabu kwa sababu yaathiri kodi. Lakini haiongezi bei shilingi kwa shilingi ya ilivyonunuliwa dukani, kifaa cha miaka saba juu ya paa lenye chumvi ya bahari kimeshakula thamani yake, na kisipofanya kazi ni kitu cha kulipia fundi akishushe.

Kukipima usiende saa sita. Saa sita kila kitu juu ya paa ni moto hata mabati. Tena muuzaji mjanja ana elementi ya stima ndani ya lile tangi la hita, usiku kabla hujaja aiwasha, wewe wafika asubuhi maji yafuka mvuke wasema mashallah. Mwambie breka ya hita izimwe tangu jioni ya siku moja kabla, kuwe kumetoka jua mchana wake, halafu wewe ufike saa kumi na mbili asubuhi ushike maji. Yakiwa moto wakati ule, tangi lahifadhi joto. Yakiwa baridi uliza kwa nini.

Halafu panda, au mtume kijana apande na simu apige picha. Ukikuta ile ya mirija ya gilasi, tazama ncha ya chini ya kila mrija, mrija mzima ndani ya ncha una rangi ya fedha kama kioo cha kujitazamia. Mrija uliopoteza utupu wake ile fedha yageuka nyeupe kama maziwa, na huo haupashi tena, ni pambo. Hesabu mingapi myeupe kati ya mingapi. Tazama kama paneli yaelekea kaskazini au imewekwa popote fundi alipopata nafasi, sisi tuko kusini ya ikweta ingawa kidogo, kuelekea kaskazini ndio sawa japo kwa latitudo yetu kosa hilo halina adhabu kubwa. Kivuli ndio chenye adhabu. Mwarobaini uliopandwa mdogo wakati hita yawekwa sasa umefunika nusu ya paneli, na paa la makuti la jirani nalo laweza kuwa limepandishwa juu tangu wakati huo. Kwa maji ya chokaa ule msumari wa magnesiamu uliomo ndani ya tangi, unaoliwa na kutu badala ya tangi, wataka kubadilishwa kila baada ya muda, muulize muuzaji mara ya mwisho aliubadilisha lini. Akikutazama tu bila kujibu, umejibiwa.

Presha nayo, watu hawaifikirii. Tangi likiwa mita 3 juu ya shawa presha yake ni 0.3 ya baa, kidogo hiyo, kuna shawa za stima ambazo haziwaki kwa presha hiyo kwa sababu swichi yake ya ndani yasukumwa na maji. Kwa hivyo huenda kuna pampu ndogo ya presha mahali, ujue iko wapi na ni ya nani, wauzaji wengine huondoka nayo. Jaza ndoo ya lita 20 kwenye bafu la juu huku jikoni mfereji umefunguliwa. Dakika mbili ni nzuri. Dakika sita, hapana.

Maji machafu sitakaa sana. Malindi kila nyumba na shimo lake. Fungua mifereji yote kwa pamoja, vuta vyoo vyote, subiri, sikiliza. Sinki likikoroma kama mtu aliyelala chali, shimo limejaa au bomba halina pumzi. Tembea nje utafute pahali migomba imestawi peke yake na hapamwagiliwi. Uliza gari la kunyonya lilikuja lini, na kama ni masika nenda siku ya mvua. Gesi, mtungi ukae nje, mpira usiwe umepasuka, povu la sabuni kwenye kiungo, likifanya mapovu kuna uvujaji, na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa yakaa chini sakafuni, usiwashe hata taa. AC iwashe dakika kumi na tano, tazama kile kiboksi cha nje, chumvi yala yale mapezi mpaka yawa unga. Jenereta na inveta na betri, tazama zipo kwa risiti ya nani.

Kama ungekuwa wanunua Lamu ningekwambia mengine kidogo. Kule mitaa ya Mkomani ukuta ni wa mawe na chokaa, unene wa mkono mzima, wavuta unyevu na chumvi, na mafundi walikuja kupachika soketi kwenye kuta ambazo zilijengwa kabla ya stima kujulikana. Nimeona soketi yatoa jasho, wallahi, tone la maji limening'inia chini yake. Na maji matamu ya mji ule yatoka kwenye visima vya vilima vya mchanga vya Shela, kwa hivyo mtu akijenga ovyo juu ya vile vilima athiri mji mzima. Lakini wewe uko Casuarina, turudi.

Kuhusu bei basi. Makosa mengi niliyotaja hayashushi bei ya soko sana, ya kurekebishwa kwa siku moja na fundi mmoja valua haangaiki nayo. Yanayoshusha ni haya: maji hayana chanzo cha uhakika, kisima cha chumvi, kisima kiko nje ya plot, mita moja inatumiwa na nyumba mbili, laini kubwa ya stima imepita juu ya plot na ina njia yake iliyosajiliwa usiweze kujenga chini yake, shimo la maji machafu halifanyi kazi na hakuna pahali pa kuchimba jengine. Ukigundua lolote katika haya, andikia benki barua, si simu, barua, sema ukurasa fulani wasema huduma ziko sawa na mimi nimekuta hivi, ambatisha picha na karatasi ya fundi, omba valua arudi au arekebishe. Hawakatai, manake nyumba ndio dhamana yao pia. Wataudhika, waache waudhike.

Na kwa muuzaji, usibishane naye juu ya hita. Mwambie wakili aorodheshe kwenye mkataba: hita ya sola na mirija yake, pampu ya kisima, pampu ya presha, matangi, inveta, AC kwa idadi na vyumba vyake. Kisichoorodheshwa utakuta tundu la skrubu ukutani siku ya kupewa ufunguo. Nlishaingia nyumba iliyouzwa nkakuta hata kile kibao cha swichi ya shawa kimeng'olewa, waya zimechungulia.

Nenda Jumapili alfajiri ukishaswali, chukua ndoo ya lita 20, simu yenye chaji, na kijana wa kupanda ngazi. Usimwambie muuzaji wakati hasa, mwambie tu "asubuhi", ila ile breka ya hita mkumbushe Jumamosi kabla ya magharibi. Ukirudi niandikie ile mirija ni mingapi ya fedha na mingapi ya maziwa, na mita ilipiga mara ngapi kwa dakika.